Mlenda uliofurika na ugali wa uwele wenye uchungu: nimekosea wapi?

Mgeni wa Ipagala ameuliza:

Ninawasalimu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Tanga niliyehamia Dodoma mwaka 2017, wizara zilipokuwa zikihamishiwa huku, na baadaye nikaolewa katika familia ya Kigogo. Kwetu nilifundishwa kukuna nazi, kupika wali na samaki wa kupaka, lakini ugali wa uwele na mlenda mkavu, yaani mboga ya majani yenye utelezi iliyokaushwa na kusagwa, nimevikuta huku, na ninatamani kwa dhati kuvipika kama wanavyovipika wenyewe, kwa kuwa ndicho chakula anachokipenda mama mkwe wangu kuliko vyote.

Jumamosi iliyopita alikuja kututembelea kutoka Mvumi. Nilibandika sufuria kwenye jiko la mkaa, nikatia nyanya tatu katika maji hadi zikarojeka, nikanyunyiza unga wa mlenda, na mwisho nikatia magadi, kijiko kizima cha chai. Kabla sijakiweka kijiko chini, povu la kijani lilipanda kwa kasi, likavuka ukingo wa sufuria, likamwagika pande zote na kuuzima mkaa, jikoni kukajaa mvuke na majivu. Watoto walikimbilia uani wakipiga kelele kwamba mboga inatoroka, na mama mkwe alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Ugali nao ulikuwa na madonge, tena ulikuwa na uchungu uliobaki kooni, ingawa unga niliununua mwezi mmoja tu uliopita. Siku hiyo tulikula wali na maharage, ambayo nayo yalikawia kuiva mno.

Mama atarudi mwisho wa mwezi. Naomba mnieleze kwa nini mlenda ulifurika namna ile, na uchungu wa ule ugali ulitoka wapi.

Mama wa Chamwino amejibu:

Mbukwenyi, kwa salamu ya Kigogo. Mwanangu, usihuzunike, kwa maana nyumba nyingi za huku zimewahi kuoshwa jiko na mlenda.

Nianze na unga, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi hupotea. Uwele si kama sembe, ambayo unaweza kuinunua mfuko mzima ukaiweka stoo. Kiini cha uwele kina mafuta, na punje ikishasagwa mafuta hayo hukutana na hewa, kisha kwa joto letu hili yakaanza kuchacha baada ya siku chache tu, na huo ndio uchungu uliobaki kooni mwako. Punje nzima, ikiwa imekauka vizuri, hukaa muda mrefu bila shida, ndiyo maana wazee wetu waliweka uwele ghalani ukiwa mzima na kutwanga wa kutosha siku mbili tatu. Kwa hiyo nunua punje, zipepete, zikoboe, zioshe, zianike, kisha upeleke mashineni kilo moja au mbili tu kwa wakati. Kabla ya kupika, weka unga kidogo ulimini. Ukiuma, wape kuku.

Kuhusu mlenda, mpangilio wako ulikwenda kinyume. Chemsha maji kwanza, tia magadi kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili, kisha nyunyiza mlenda kidogo kidogo huku ukikoroga mfululizo. Usiufunike kamwe. Ukishachemka na kulainika ndipo utie nyanya, na karanga zilizosagwa zije mwisho, moto ukiwa mdogo. Ukizidisha magadi, mboga itakuwa na ladha ya sabuni hata kama haikumwagika.

Mwalimu wa Kondoa amejibu:

Ninakubaliana na mama hapo juu kuhusu unga, nami naomba niongeze sababu ya lile povu. Nyanya zina asidi, na magadi yakikutana na asidi hutoa gesi papo hapo. Katika maji matupu viputo hivyo vingepasuka na kuisha, lakini utelezi wa mlenda huvishika visipasuke, navyo hurundikana kimoja juu ya kingine hadi vivuke sufuria. Kijiko kizima kwa nyanya tatu kilitosha kuzima majiko mawili.

Hata hivyo, kwa mlenda mbichi wa masika sioni haja ya magadi hata chembe. Marehemu mama yangu alipika mlenda mbichi kwa maji, chumvi na karanga tu, na ulilainika vizuri kabisa. Magadi hupunguza vitamini za majani, na kwa maoni yangu tumeyazoea kupita kiasi.

Kuhusu maharage, kumbuka kwamba umetoka pwani. Mji wa Dodoma uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage hupikwa kwa joto dogo zaidi. Yaloweke usiku kucha.

Kijana wa Mpwapwa amejibu:

Shikamooni wakubwa. Dada, madonge hutokea unga mkavu unapomwagwa kwenye maji yanayotokota. Koroga kwanza unga kidogo katika maji baridi, umimine kwenye maji ya moto, uuache uji huo utokote vizuri, kisha ongeza unga uliobaki kwa mafungu madogo na usonge kwa nguvu. Uwele haushikani kama mahindi, hivyo usitegemee uvutike.

Jambo jingine: andika majina kwenye makopo yako. Umeme ulikatika jioni moja tukiwa na wageni wa baba, nami nikatia mlenda mkavu kwenye birika nikidhani ni majani ya chai. Nilipoanza kumimina, chai haikutiririka. Ilining'inia kutoka kwenye chujio kama uzi mrefu, na mgeni mmoja mzee akauliza kwa upole kama tumemwekea dawa ya kifua.

Mgeni wa Ipagala ameandika tena:

Ninawashukuru sana, na naomba kuleta mrejesho. Nilinunua uwele mzima katika soko la Majengo, nikasagisha kilo mbili, na ugali ulitoka wa kijivu, laini, wenye harufu ya nafaka mpya. Magadi nilitia ya ncha za vidole, nyanya zikafuata baadaye, na sufuria haikufunikwa. Mwalimu, masika yakija nitajaribu bila magadi.

Mama mkwe alimega tonge la kwanza, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachovya, akatafuna taratibu. Alisema ugali umenyooka, ila mlenda unataka karanga zaidi. Kisha akasogeza sahani yake aongezewe.