Mjadala: Kifaa cha kulinda mtandao wa mitambo kizuie amri, au kipige kengele tu?

Mleta mada
Wakuu, Januari 2024, baridi ikiwa chini ya sifuri, majengo ya ghorofa zaidi ya 600 mjini Lviv, Ukraine, yalikosa joto kwa karibu siku mbili. Chanzo ni programu ya uvamizi iliyokuja kuitwa FrostyGoop: ilikuwa inatuma amri kwa vidhibiti, yaani kompyuta ndogo zinazoendesha mitambo, kupitia Modbus, itifaki (lugha ya mawasiliano ya vifaa) ya mwaka 1979 ambayo haiulizi nywila wala haijali anayeamuru ni nani. Ukishaingia kwenye waya, wewe ndiye bosi. Antivirasi hazikuigundua. Msimamo wangu: kifaa cha ulinzi kikae katikati ya njia. Kompyuta ngeni ikiandika kwenye kidhibiti, izuiwe palepale.

Mchangiaji 1 (fundi wa zamu, mitambo ya maji)
Mkuu, sikubali hata kidogo. Pampu imechemka usiku, kompyuta ya chumba cha udhibiti imeganda, mwenzangu anachomeka laptop ya akiba aizime. Kifaa chako kinamwona mgeni, kinamzuia. Pampu ikiungua utalipa wewe? Ofisini barua pepe ikizuiwa mtu ananung'unika tu, huku kwetu watu wanaumia. Kifaa kikae pembeni, kisome nakala ya mawasiliano kutoka kwenye swichi ya mtandao, kisiguse kitu.

Mleta mada
Na kengele ikilia saa nane usiku, nani yupo? Kyiv, Desemba 2016, programu nyingine ya uvamizi, Industroyer, iliongea lugha ya kituo cha umeme chenyewe, ikiwemo itifaki ya IEC 104, ikafungua breka, yaani swichi kubwa za kukata umeme. Sehemu ya jiji ikakaa gizani kama saa nzima. Hadi mtu apokee simu, kazi imeisha.

Mchangiaji 2
Mnaruka hatua. Lviv mtandao haukuwa umetenganishwa, na inaelekea wavamizi waliingilia kwenye ruta iliyokuwa wazi kwa intaneti. Ziba hapo kwanza. Halafu uzuri wa mitandao hii ni kwamba vifaa ni vilevile, vinasemezana yaleyale mwaka mzima. Andika orodha ya nani anaongea na nani, sauti mpya itajitokeza yenyewe. Kanuni ya CIP-015-1 ya Marekani, iliyoidhinishwa 2025 kwa mifumo mikubwa ya umeme, inadai kugundua na kutathmini mawasiliano yasiyo ya kawaida ndani ya mtandao. Kuzuia haikulazimisha, na nadhani waliandika hivyo kwa makusudi.

Mchangiaji 1
Hapo sawa. Ila kuna amri moja nitakubali izuiwe: kubadilisha programu ya ndani ya kidhibiti. Lviv wavamizi waliirudisha kwenye toleo la zamani, wahudumu wakapoteza macho ya kuona mitambo yao. Kazi hiyo hakuna anayeifanya usiku kwa dharura. Kusoma na kuzima, acha zipite.

Mleta mada
Na kufungua valvu?

Mchangiaji 1
Valvu ipi? Nitajie mtambo kwanza, ndipo tuongee.