Scp inagoma kwenye seva ya ofisi, msaada tafadhali

Dada wa Tafsiri: Habarini wana ughaibuni. Kuna ofisi inataka niwatumie faili za tafsiri kwa scp (amri ya kunakili faili kwenda kompyuta nyingine) na mwisho wa kupokea ni kesho mchana. Laptopu ya zamani ilikuwa inatuma bila shida, sasa nimehamia mpya, ssh (njia salama ya kuingia kwenye seva) inaingia vizuri tu ila nikirusha faili napata "subsystem request failed on channel 0" halafu inafunga. Nimewapigia wanasema kwao kuko sawa, shida iko kwangu. Amri ni ileile ya siku zote: `scp -P 2222 tafsiri.zip mimi@seva:/mapokezi/`

Bin Safari: Pole dada, ofisi ndivyo zilivyo. Mimi walinizungusha weee, kumbe ni ufunguo (faili la ssh la kukutambulisha kwenye seva), ukiukopi kwenye mashine mpya ruhusa zinaweza kulegea na ssh inaukataa. Piga `chmod 600 ~/.ssh/id_ed25519` uone. Na port (namba ya mlango wa seva) kwenye scp ni -P kubwa, ndogo inatunza tarehe na ruhusa za faili tu.

Mzee wa Seva: Bin Safari soma swali kwanza. Kasema ssh inaingia. Ufunguo ungekataliwa angeona "Permission denied (publickey)". Na -P kaandika kubwa, iko pale.

Mpiga Picha: Achaneni na scp, tumieni rsync, amri nyingine ya kutuma faili. Mimi nawatumia wazazi video nyumbani, mtandao ukikatika scp inaanza upya, ila `rsync -avP` inaacha kipande kilichofika na ukirudia amri inaendelea. Video ya mwanangu anaanza kutembea ilikatikakatika usiku kucha, ilipofika mama akanipigia analia, mjukuu hajawahi hata kumbeba. Jamani kuishi mbali kunaumiza. Halafu angalieni mkwaju (/) wa mwisho, `picha/` inapeleka vilivyomo, `picha` inapeleka folda zima.

Bin Safari: Umenigusa. Wangu anaongea na bibi yake kwenye skrini tu.

Mzee wa Seva: Poleni wanangu. Lakini rsync lazima iwepo pande zote mbili, ofisi ambayo hata SFTP (njia nyingine ya kuhamisha faili kupitia ssh) haijawasha mnadhani rsync wanayo? Dada, kuanzia OpenSSH (programu yenye ssh na scp) toleo la 9.0 la 2022 scp inapitia itifaki ya SFTP. Laptopu mpya inaomba SFTP, seva yao haina, ndiyo hiyo "subsystem" unayoiona. Ndiyo maana wanasema kuko sawa, kwao hakijabadilika kitu. Weka -O, herufi O kubwa siyo sifuri, inarudi njia ya zamani: `scp -O -P 2222 tafsiri.zip mimi@seva:/mapokezi/`

Bin Safari: Shikamoo mzee, nimekuelewa, ila isiwe kila kitu ni -O. Kuna seva .bashrc yake (faili la mipangilio linalosomwa ukiingia) ina echo (amri ya kuandika maneno), ikitema maneno tu sftp inavurugika, "Received message too long".

Mzee wa Seva: Marahaba. Hilo ni tatizo lingine kabisa na dada hajaliuliza.

Dada wa Tafsiri: Imepita!! Nimelinganisha sha256sum (namba ya kuhakiki faili) huku na kule, ziko sawa. Mungu akuweke mzee. Sasa ofisi wanasema faili wameiona ila fomu niliyojaza ni ya zamani, mpya wanatoa wapi? Na Mpiga Picha, kwenye rsync port naiweka wapi, -P si umeshaitumia?

Mpiga Picha: Hiyo -P ya rsync siyo port. Andika `-e 'ssh -p 2222'`, p ndogo. Fomu sijui dada, labda Bin Safari.