Saa ya otomatiki ikifika kusiko na uzito inaendelea au inasimama?

Mjukuu_wa_Saa:
Wakuu, habari zenu. Nisaidieni kumaliza ubishi wa wiki nzima. Marehemu babu ameniachia saa ya mkono ya otomatiki, ile isiyohitaji kutiwa ufunguo, inayojijaza kadiri unavyotembea nayo. Ukiitikisa karibu na sikio unasikia kitu kizito kikizunguka ndani. Rafiki yangu ameshikilia kwamba saa ya aina hii haimfai mwanaanga. Anasema kile chuma huzunguka kwa sababu kinaanguka, na angani hakuna kuanguka, basi baada ya siku mbili saa imekufa. Eti ndiyo maana waliokwenda Mwezini walivaa za kutia ufunguo. Naona ana hoja, lakini moyo unakataa. Kuna aliyewahi kupanda na saa ya otomatiki? Anayejua mambo ya ndani ya saa anieleze taratibu.

Fundi_Kamani:
Mjukuu wangu, moyo wako umekataa kwa haki. Nimekaa miaka 31 kwenye meza ya saa na swali hili nalipenda sana.

Kabla hujasoma zaidi, ivue hiyo saa, ilaze mezani uso ukitazama juu. Sasa isogeze kwa viduara vidogo, kama mtu anayefuta meza kwa kitambaa. Utasikia chuma kinazunguka. Kimeangukia wapi? Saa imelala, njia yote ya kile chuma iko bapa, haina juu wala chini. Uzito haukisaidii kitu hapo. Wewe unaisukuma saa, chuma kinachelewa kufuata, basi. Ni kama ukiwa ndani ya basi likaondoka ghafla, mgongo ukakandamizwa kitini. Uzito unapotea angani, tungamo la chuma, yaani kiasi cha chuma chenyewe, halipotei. Mwanaanga anayejivuta kwa mikono kutoka chumba hiki hadi kile, mkono wake unaanza na kusimama mara nyingi mno kwa siku. Kila mara chuma kinachelewa, na kamani, ile springi inayoendesha saa, inazidi kukazwa.

Na mtu unayemtafuta yupo: mwanaanga William Pogue. Alipanda Skylab, kituo cha anga cha Wamarekani, tarehe 16 Novemba 1973 pamoja na Gerald Carr na Edward Gibson, wakakaa huko siku 84. Alikuwa na Seiko 6139 ya otomatiki yenye uso wa njano, saa yake binafsi aliyokuwa ameizoea kwenye mazoezi, akapanda nayo bila kuomba ruhusa. Mashine ya 6139 naifahamu kwa vidole vyangu, na hapa ndipo rafiki yako asikilize vizuri: haina njia ya kutiwa ufunguo. Kile kifundo cha pembeni ukikizungusha hakifiki kwenye kamani, na ukikibonyeza kinarusha tarehe. Saa ile haikuwa na chakula kingine ila mwendo wa mkono wa Pogue.

Mimi nikiifungua mashine kama hiyo huwa natulia kidogo kabla ya kugusa skrubu ya kwanza. Kile chuma ni nusu duara tu, chepesi kuliko sarafu.

Nyota_ya_Alfajiri:
Shikamoo fundi. Basi kwa nini NASA, shirika la anga la Marekani, walichagua ya kutia ufunguo? Lazima kulikuwa na sababu.

Fundi_Kamani:
Marahaba. Sababu ni wakati walipochagua. Omega Speedmaster, ile ya kutia ufunguo waliyoichagua, iliidhinishwa tarehe 1 Machi 1965. Wakati huo saa ya otomatiki yenye kipima muda, yaani kronografu, haikuwepo sokoni. Za kwanza zilitoka mwaka 1969, na hiyo 6139 ni mojawapo. Walihitaji kipima muda, na vipima muda vyote vya wakati huo vilitiwa ufunguo kwa mkono. Hawakukimbia otomatiki, haikuwepo ya kuchagua.

Saa ambayo ingesimama kweli ni ile ya ukutani yenye pendulum, kile kining'inio kinachobembea, kwa kuwa pendulum hurudishwa na uzito wake. Ya mkono ina gurudumu dogo linalokwenda na kurudi kwa nguvu ya waya mwembamba uliojikunja. Tena uzito humsumbua fundi: saa ikilazwa inakwenda hivi, ikiwekwa wima inachelewa kidogo, nami nakesha nikizisawazisha hizo hali. Kusiko na uzito tofauti hiyo haipo.

Vinavyoua saa huko ni joto, baridi na ombwe, yaani kukosa hewa kabisa. Katika majaribio ya kuchagua saa, NASA waliziweka kwenye nyuzi 71 za Selsiasi kwa saa 48, kisha 93 kwa nusu saa, kisha 18 chini ya sifuri kwa saa nne. Wakazipiga mishtuko, wakazinyima hewa. Kati ya kampuni tatu zilizojaribiwa ikabaki moja. Mafuta ya saa yakipata joto la namna hiyo hukimbia kutoka kwenye egemeo, lile jiwe dogo ambamo ncha ya gurudumu huzunguka, na chuma kikilia kwenye jiwe kikavu, nakwambia hata mimi naumia.

Nyota_ya_Alfajiri:
Niongeze moja nililolisoma mara nyingi. Apollo 13, chombo kilichokuwa kikienda Mwezini Aprili 1970, baada ya tangi la oksijeni kulipuka, walizima vifaa ili kuokoa umeme. Ilipobidi kurekebisha njia ya kurudi nyumbani kwa kuwasha injini sekunde 14, mwanaanga Jack Swigert alihesabu kwa saa ya mkononi. Sekunde 14 tu, na watu watatu wanategemea mshale mmoja. Ila fundi, saa ya mwanaanga David Scott ilikuwaje?

Fundi_Kamani:
Ya Apollo 15, mwaka 1971. Kioo cha Speedmaster yake kilitoka akiwa Mwezini, katika matembezi ya pili. Ya tatu akavaa Bulova aliyokuwa nayo ya akiba, iliyokuja kuuzwa mnada mwaka 2015 kwa zaidi ya dola milioni 1.6. Tunapobana kioo cha saa tunafikiria maji na hewa vinavyosukuma kuingia. Kwenye ombwe mambo yanageuka: hewa iliyobaki ndani ndiyo inayokisukuma kioo kiende nje. Tangu nilipolielewa hilo, kila nikibana kioo hukikagua pande zote mbili.

Mjukuu_wa_Saa:
Shikamoo fundi, na asante sana. Jana jioni nimemwita rafiki yangu, tukailaza saa mezani. Aliinamisha sikio hadi karibu liguse kioo, akaniambia niizungushe tena, na tena. Ya 6139 kutotiwa ufunguo ndiyo iliyomnyamazisha. Swali la mwisho: hii ya babu ilikaa kwenye droo miaka saba. Niivae tu?

Fundi_Kamani:
Marahaba. Usiivae bado. Mafuta ya miaka saba yameganda, na ikijijaza hivyo hivyo itajisaga yenyewe. Mpelekee fundi aifungue, aisafishe na kuitia mafuta mapya, na abadilishe mpira wa kifuniko cha nyuma. Mwambie asiung'arishe mfuniko. Ile mikwaruzo ni ya mkono wa babu yako.