Kongosho limekufa, mafuta ya tui yanaingiaje mwilini?

mtu_wa_langoni:
Asalaam aleikum wana Lamu na Malindi. Ami yangu kongosho limemsumbua miaka, sasa akila samaki wa kupaka choo kinaelea, kinang'aa mafuta, ukimwaga maji mara mbili bado kipo, na harufu yake usiseme. Kakonda lakini bado anatembea na kwenda msikitini, kwa hiyo kuna mafuta yanaingia, yanaingiaje? Na tui aache?

nesi_wa_malindi:
Waaleikum salaam. Lipasi, kimeng'enya cha kukata mafuta, nyingi hutoka kwenye kongosho ila tumbo nalo lina yake, kidogo tu lakini haiogopi asidi, ndiyo inayomsaidia. Nyongo nayo bado inakuja toka kwa ini, kazi yake ni kama sabuni kwenye sufuria ya samaki, inayavunja mafuta matone madogo. Wengi wasichojua ni kuwa kongosho pia hutoa bikaboneti ya kupoza asidi ikitoka tumboni, isipokuwepo utumbo unabaki mkali, nyongo yaganda na lipasi kidogo iliyobaki yaharibika, ndo maana wengine huongezewa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Choo cha namna hiyo huonekana lipasi ikishuka chini ya asilimia 10, si jambo la juzi hilo.

binti_shela:
Mafuta ya nazi karibu nusu ni asidi ya lauriki, mafuta yenye mnyororo wa kaboni 12. Yale mepesi ya kaboni 8 na 10, yanayopenya bila shida yakaenda ini moja kwa moja na damu, ni sehemu ndogo tu. So wale wa "kunywa mafuta ya nazi upone" wapuuze, wali wake wa nazi ale kiasi.

mtu_wa_langoni:
Shukran. Kapewa kapsuli za vimeng'enya, akasikia ni za nguruwe, kaziweka kabatini 😩

nesi_wa_malindi:
Kweli, nyingi ni za kongosho la nguruwe. Amuulize sheikh wake, maulamaa wengi huruhusu penye dharura na hakuna badala yake. Akikubali azimeze na tonge la kwanza, nyingine katikati ya chakula, akishanawa mikono amechelewa. Asizitafune, zimefunikwa zisiharibiwe na asidi. Na asikatazwe mafuta kabisa, atazidi kukonda. Mwambie daktari ampime vitamini A, D, E na K, hizo hufuata mafuta, na sukari pia.