Monopodi ya kupandisha kwa mkono mmoja: kuna inayovumilia vumbi la Goma?

Kasi_Sitini (Goma)

Jambo bakubwa na bandugu wote wa picha. Naomba ushauri juu ya monopodi, ile fimbo ya mguu mmoja ya kuegeshea kamera, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Mzigo: kamera ya fremu nzima na lenzi ya 70-200 f/2.8 yenye pete yake ya kufungia, jumla kilo 2.3 hivi. Nikiongeza flashi inakaribia 2.7. Kazi: mechi za Stade de l'Unité, harusi za Jumamosi, na picha za barabarani, hasa chukudu (zile skuta za mbao za kubebea mizigo) zikiteremka na mzigo. Urefu wangu sm 172.

Monopodi ya sasa ina vipande vinne, vibano vitatu vya kufungua kwa kidole. Mkono wa kulia haubanduki kwenye kamera, kwa hiyo kila kupandisha na kushusha ni kazi ya mkono wa kushoto peke yake. Nikimaliza kibano cha tatu, bibi arusi amekwisha kaa.

Nimeona aina mbili za haraka. Moja ina kishikio kama cha bastola: ukifinya, mguu unateleza, ukiachia, unakamata. Nyingine, ile Manfrotto 685B, unavuta au unakanyaga kipedali chake chini na kuinua, inakamata yenyewe palepale. Kuirudisha ndipo unabonyeza kitufe. Ipi inafaa hapa kwetu? Na hii ya vibano, kuna namna ya kuitumia kwa mkono mmoja bila kununua nyingine?

---

Makoro_Meusi (Goma)

Usinunue kitu bado, mdogo. Chukua mita kwanza.

Mtu wa sm 172 macho yake yako kama sm 160 kutoka chini. Kutoka mguu wa pete ya lenzi hadi tundu la kuchungulia weka sm 10. Kwa hiyo unachohitaji ni fimbo ya sm 150 ikiwa wima, au 155 ukiilaza kidogo kukuelekea, na ndivyo inavyotakiwa kukaa. Hakuna haja ya ile ya sm 180 wanayokuuzia kwa maneno mengi, isipokuwa unasimama mlimani na mguu wa fimbo uko chini yako.

Sasa hiyo ya vipande vinne. Nyingi zikifungwa zina sm 50, na kila kipande kinaongeza kama sm 37. Vuta viwili vya chini hadi mwisho, vifunge, uvisahau mpaka jioni. Umebaki na kibano kimoja tu, cha juu kabisa, ambacho kiko karibu na mkono. Hapo una kati ya sm 124 na 161. Urefu wa kusimama umekwisha upata.

Mwendo wenyewe ni huu: kanyaga mguu wa fimbo kwa ncha ya kiatu, shika bomba la juu kwa vidole vinne vya kushoto, kidole gumba kifungue kibano, mkono uleule uinue, gumba lifunge. Sekunde mbili. Usipokanyaga, fimbo yote itapanda pamoja na kamera na hakuna kitakachorefuka.

Kupiga goti je? Macho yanashuka hadi sm 115 hivi, fimbo inatakiwa iwe kama 105, na yako haipungui 124. Usihangaike na kibano cha pili. Ilaze. Fimbo ya sm 124 ikilazwa nyuzi 30 kimo chake kinakuwa 107, mguu wake ukiwa sm 62 mbele ya pale kamera ilipo. Nyuzi 20 kwa fimbo ya 150 zinashusha kama sm 9. Nyuzi 10 hazishushi hata 3. Marekebisho mengi madogo ambayo watu wanayatafutia kifyatulio (ile ya kufinya) yanafanywa na kulaza tu.

---

Fundi_wa_Birere (Goma)

Makoro amesema kweli, ila kwa harusi mtu anasimama na kupiga goti mara hamsini kwa saa moja. Hapo kifyatulio kina maana. Jambo la kujua ni kwamba ndani hamna maajabu.

Nyingi ya hizi za kufinya zinakamata kwa msuguano. Waza ile bunduki ya kusukumia silikoni ya madirisha: kuna bamba la chuma lenye tundu, chuma cha duara kinapita katikati. Springi inalilaza bamba, kingo za tundu zinaing'ata fimbo. Ukifinya, bamba linanyooka na fimbo inapita. Mzigo ukizidi kusukuma, bamba linang'ata zaidi. Ndiyo sababu kitu chepesi kinabeba kilo nyingi.

Toka hapo utaelewa inavyoharibika. Kwanza mafuta. Mtu anasikia inakwaruza, anapuliza mafuta ya cheni ya pikipiki ndani, na kesho yake kamera inashuka polepole katikati ya mechi. Msuguano umeondolewa, sasa kitakamata nini? Bomba linasafishwa kwa kitambaa kikavu, au chenye alkoholi kidogo kama limekwisha pata mafuta, basi.

Pili mchanga wetu. Vumbi la lava si kama udongo wa kawaida, lina kingo kali kama kioo kilichosagwa. Likiingia kati ya bomba na bomba linachora mistari ya urefu, na baadaye linajaa kwenye zile kingo zinazong'ata. Kwa hiyo kabla ya kufupisha, futa bomba kwa kitambaa kuanzia juu kwenda chini. Kila mara. Ukifupisha kabla ya kufuta umelisukuma vumbi lote ndani kwa mkono wako. Kama mguu uliingia maji ya ziwa, ivute yote na uiache wazi usiku kucha, ncha ikitazama chini.

Kipimo cha dukani, maana vitu vya mitumba vinapita hapa kwa wingi: jaza chupa mbili za maji za lita 1.5, hizo ni kilo 3. Zifunge juu ya fimbo ikiwa nusu ya urefu wake, kisha finya na kuachia mara ishirini. Weka alama ya kalamu kwenye bomba mahali lilipokamata, subiri dakika tano. Alama ikizama hata milimita mbili, rudisha. Halafu bonyeza kwa kiganja kwa nguvu, kwa sababu ukipiga picha hauachi kamera ikae tu, unaisukuma chini. Kwa mzigo wako wa 2.7 usichukue iliyoandikwa chini ya kilo 6.

---

Chukudu_Mteremko (Goma)

Mimi naongeza moja la usalama, na msilicheke. Fimbo nyeusi yenye kishikio cha bastola, iliyobebwa begani na lenzi ndefu juu, kwa mtu aliye mita 80 si kifaa cha picha, ni bunduki. Hata Primos Trigger Stick, ambayo watu wanaifungia kamera, ilitengenezwa kwa ajili ya wawindaji kuegeshea bunduki. Katika mji huu hiyo si hoja ya rangi tu.

Ibebe imefungwa fupi ndani ya mfuko, kamera imetolewa. Usiinyooshe mlalo kuelekea watu hata ukiwa unaikagua. Zungushia utepe mweupe au wa njano sehemu ya juu. Na mahali penye watu wa silaha usiifungue kabisa, uwe na kibali usiwe nacho. Kwa sababu hii peke yake ningemshauri muulizaji achukue ile ya kuvuta chini kuliko ya bastola.

---

Yaya_Diafragma (Goma)

Wote mmeongea juu ya kurefusha. Hakuna aliyesema picha yenyewe itatoka vipi.

Monopodi inazuia kamera kupanda na kushuka. Kuyumba kushoto na kulia inapunguza kidogo tu, na kuinama upande mmoja haizuii. Hayo mengine ni mwili wako. Mguu wa fimbo uweke sm 30 hadi 40 mbele yako, nyayo zako zipanuke kama mabega, fimbo ilale kukujia. Sasa una miguu mitatu. Viwiko ndani, nyusi zigusane na kamera, mkono wa kushoto ulale juu ya lenzi karibu na pete na kusukuma chini polepole. Wengi wanauweka mkono kwenye fimbo, chini kabisa. Hapo unaitikisa tu.

Kwa kasi ya shata (muda kamera inaobaki wazi, kwa sehemu za sekunde): kwenye 200 mm bila fimbo unaanzia 1/200. Ukiwa na fimbo na mkao mzuri, mtu anayetoa hotuba unaweza kumpiga kwa 1/60 na ikawa safi, ukipiga tatu tatu na kuchagua. Lakini mpira ni mambo mengine! Mchezaji anakimbia, fimbo haimsimamishi. Weka 1/1000 kama mwanga upo, 1/800 jua likizama, na ujue fimbo hapo ni ya kupumzisha mkono, si ya ukali wa picha. Anayekuambia amenunua monopodi ili apige mpira kwa 1/125 amedanganywa.

Chukudu ndiyo raha yake. 1/30 hadi 1/60, kizuia-mtikisiko kiwe kwenye hali ya 2 ile inayoachia mwendo wa kando, na uanze kumfuata mtu kabla hajafika mbele yako. Geuka kuanzia kiunoni, nyayo zikitazama pale atakapopita, si pale anapotoka. Kizuia-mtikisiko usikizime kama unavyofanya kwenye tripodi. Huku bado kina kazi.

Na usiweke kichwa cha tufe, kile kinachogeuka pande zote, juu ya monopodi. Kinalegea pande zote na flashi inakiangusha. Lenzi yako ina pete: funga fimbo moja kwa moja kwenye mguu wa pete, picha ya wima unaipata kwa kulegeza pete na kuzungusha nyuzi 90. Ukitaka kutazama juu na chini sana, kichwa cha kuinama upande mmoja tu kinatosha.

---

Tumaini_Nguba (Bukavu)

Bandugu wa Goma mna bahati ya mji tambarare. Huku Bukavu kila harusi iko kwenye mteremko. Ongezeni sm 20 kwa hesabu ya Makoro, maana mara nyingi mguu wa fimbo unashukia chini ya nyayo.

Kwa asiye na pesa kabisa: kamba. Boliti ya robo inchi, kamba isiyovutika ya mita 2, na washa pana (lile duara la chuma la boliti) au kipande cha bati cha kukanyaga. Boliti inaingia chini ya kamera, unakanyaga upande wa pili, unavuta juu mpaka kamba ikaze. Kurekebisha urefu ni kuviringisha kamba chini ya kiatu, mikono miwili yote ikiwa kwenye kamera. Haibebi uzito hata gramu, lakini inazuia kupanda na kushuka, na inaingia mfukoni.

Jihadharini na boliti yenyewe. Duka la vifaa vya ujenzi watakupa M6 wakisema ni sawa. Si sawa. M6 ina unene wa mm 6 na hatua (nafasi kati ya uzi na uzi wa skrubu) ya mm 1. Ya kamera ina mm 6.35 na hatua ya 1.27. M6 inaingia ikilegea, unakaza, inakula nyuzi za tundu la kamera. Na isitokeze zaidi ya mm 5, la sivyo inagonga mwisho wa tundu. Ongeza washa na nati mpaka ifike hapo.

---

Kasi_Sitini (Goma)

Aksanti sana. Nimejaribu njia ya kibano kimoja kama Makoro alivyoeleza, inaenda. Mambo mawili yamebaki. Nikifuata chukudu inayotoka kulia kwenda kushoto, kamera inalegea kwenye skrubu baada ya mizunguko michache. Ya kutoka kushoto kwenda kulia hailegei. Pia mpira wa chini umekwisha liwa na mawe.

---

Fundi_wa_Birere (Goma)

Skrubu ya juu ni ya kulia, yaani inakazwa kwa kuzungusha kulia. Ukigeuza kamera kushoto huku mguu wa fimbo umeng'ang'ania lava, unaifungua kama kifuniko cha chupa. Ukigeuza kulia unaikaza. Dawa ni fimbo yote izunguke pamoja na kamera: mkono wa kushoto ukamate juu ya fimbo na lenzi kwa pamoja wakati wa kufuata, au ulegeze pete ya... hapana, pete usiiguse, hiyo inazungusha lenzi wima. Kama skrubu yako ni ile ndogo ya robo inchi iliyogeuzwa kutoka ya tatu kwa nane ya inchi, angalia kama kile kipande cha kati ndicho kinachofunguka. Kitie tone moja la gundi ya nyuzi za skrubu, ya buluu, siyo nyekundu. Nyekundu hautaitoa bila moto.

---

Makoro_Meusi (Goma)

Mpira wa chini: usitafute wa asili, chukua ule wa mkongojo kwenye duka la dawa. Pima bomba la chini kwa nje, kisha chukua wenye tundu dogo kwa milimita moja, uloweshe kwa maji ya sabuni, uusukume mpaka ndani. Maji yakikauka haufunguki. Ncha ya chuma iache nyumbani, isipokuwa kwa majani yenye tope uwanjani. Kwenye makoro (mawe ya lava) inaingia katika kitundu, unageuka, na inakwama humo.

Kanisani kwenye marumaru, futa mpira kabla ya kuingia. Ukiwa na vumbi unateleza kama sabuni.