Kigari cha umeme cha shamba: betri zinaisha saa sita mchana, nifanyeje?

Mkulima_UsaRiver: Habari za jioni wakuu. Nina kigari cha umeme cha shamba, magurudumu manne, kina bodi ndogo nyuma. Nilikinunua kimeshatumika, kina betri nane za maji za volti 6, jumla volti 48. Kinapandisha samadi kwenye kahawa na kushusha kreti za nyanya mpaka barabarani. Mwaka wa kwanza kilipiga kazi kutwa. Sasa nikianza saa moja asubuhi, ikifika saa sita kinaishiwa nguvu katikati ya mlima, vijana wanasukuma.

Huwa nasubiri kiishe kabisa ndipo nachomeka, kama tulivyoambiwa zamani kwenye simu. Masaa matatu manne yakipita nachomoa, maana LUKU inakimbia. Aliyeniuzia anasema nibadilishe betri zote. Bei aliyotaja ni nyanya za msimu mzima. Natanguliza shukrani.

FundiUngaLtd: Mkuu, usinunue kitu bado. Mara ya mwisho kufungua vifuniko na kuangalia maji ilikuwa lini? Na mnajazia maji gani?

Mkulima_UsaRiver: Kama miezi minne iliyopita. Kijana hujazia ya bomba.

FundiUngaLtd: Basi una magonjwa mawili. La kwanza ni hilo la kuchaji. Betri ya risasi, kama hizo zako za maji, siyo simu. Kila inapotumika, salfeti inaganda kwenye pleti, yaani bamba za risasi zilizomo ndani. Ukichaji siku hiyohiyo inaondoka. Ukiiacha siku kadhaa inakuwa fuwele ngumu na chaji haiitoi tena, na sehemu hiyo ya pleti umeshaipoteza. Kwa hiyo kila jioni chomeka, hata kama umetumia robo tu, na usishushe chini ya nusu kama unaweza. Halafu uache chaja imalize yenyewe. Sehemu kubwa inaingia haraka, ila ile ya mwisho inaingia polepole sana, na ndiyo unayoikatisha kila siku. Betri za 225 Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba) kwa volti 48 zinabeba karibu yuniti 11. Kutoka nusu hadi kujaa ni kama yuniti 7 ukihesabu na zinazopotea. Linganisha na bei ya betri nane.

La pili ni maji. Huku chini ya Meru maji yetu yana floridi na madini mengi, meno ya watoto wetu yanaonyesha. Madini hayo yanaharibu pleti. Nunua maji yaliyochujwa kwa mvuke, na dukani soma chupa vizuri, maana kuna wanaokupa asidi ukiomba "maji ya betri". Asidi haipungui kwa kuchaji, kinachopungua ni maji. Ukiongeza asidi unaziua. Pleti zikiwa wazi, ongeza kidogo tu zifunikwe, chaji mpaka mwisho, ndipo ujazie kufikia chini kidogo ya shingo. Ukijaza kabla ya kuchaji zitafurika asidi.

MzeeWaKibosho: Fundi kasema kweli. Mimi naongeza usalama, kwa sababu hapa kwetu nimeona watu wakichaji ndani ya stoo iliyofungwa. Wakati wa kuchaji betri hizo zinatoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Mlango uwe wazi, na sigara na kibatari vikae mbali. Vua pete kabla ya kushika spana.

Na waya wa kuunganishia je? Kama ni mrefu na mwembamba, umeme unafika chaja ukiwa umechoka. Ushike baada ya saa moja. Ukiwa wa moto, badilisha.

DadaWaKaratu: Kaka, kambini kwetu tulihamia lithiamu ya chuma fosfeti. Haina maji, na kuishusha chini hakuiumizi kama risasi. Lakini inataka chaja yake, usiichomeke kwenye hiyo ya zamani. Masika gari likisimama wiki nyingi tunaliacha na chaji ya nusu hivi. Ya kwako ni kinyume, ikisimama iwe imejaa, na uichaji tena kila mwezi.

FundiUngaLtd: Asante dada. Mkulima, chaji usiku kucha, chomoa, acha masaa kadhaa bila kuwasha, kisha pima kila betri peke yake. Iliyojaa na nzima inasoma kama volti 6.3. Ya nusu ni 6.05 hivi.

Mkulima_UsaRiver: Wakuu, nimerudi. Pleti zilikuwa wazi kwenye betri tatu, nimefuata utaratibu wa maji. Saba zinasoma kati ya 6.25 na 6.32. Ya tano kutoka kushoto inasoma 4.2.

FundiUngaLtd: Hiyo ina seli tatu za volti 2, moja imekufa. Ndiyo inayokusimamisha mlimani, na chaja inazizidishia saba zilizobaki ikijaribu kufikisha volti. Usiichaji tena hivyo. Tafuta moja iliyotumika ya Ah zilezile na umri unaokaribiana, mpya kabisa itaburuzwa na wenzake.

MzeeWaKibosho: Mwambie pia azipime zile saba kwa mzigo, yaani zikiwa zinatoa umeme. Volti ya kupumzika inaweza kudanganya.

Mkulima_UsaRiver: Nimekuelewa mzee wangu. Nimechomoa chaja. Jumamosi nakuja Unga Ltd na betri zote nane, fundi, tuzipime kwa mzigo moja moja.