Masaa 20 ya kwenye makaratasi: TA wa kigeni vyuo vya Marekani tunakamuliwa na pa kulalamika hakuna

Wakuu salaam. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa fursa za scholarship. Kule watu wanapeana hongera, mimi nimekuja na hasira zangu.

Nipo Marekani, chuo cha umma, nasoma PhD ya kemia. Ada nimesamehewa na napewa posho kwa kufundisha kama TA (teaching assistant, msaidizi wa kufundisha). Msinifananishe na wale Tutorial Assistant wa vyuo vyetu, mtu kaajiriwa, ana mshahara na PSSSF yake. Huku TA ni mwanafunzi mwenye mkataba wa miezi tisa, Agosti hadi Mei, na mkataba unasema masaa 20 kwa wiki.

Hayo masaa 20 ndiyo yaliyonileta hapa.

Muhula ulipoanza nilipewa vikundi viwili vya maabara ya mwaka wa kwanza, kila kimoja vijana ishirini na kitu. Kipindi kimoja ni masaa matatu na huruhusiwi kutoka, maana kuna asidi mle ndani na vitoto vya miaka 18 vinachezea simu. Kabla ya kipindi unaandaa kemikali. Kuna mkutano wa TA wote, kuna kukaa ofisini kusubiri wenye maswali, kuna kuhudhuria mihadhara ya prof ili ujue kafika wapi. Halafu sasa ripoti. Kila mwanafunzi, kila wiki, ripoti yenye grafu, mahesabu, na maelezo marefu ya kwa nini jibu lake halikutoka sawa. Ukisahihisha kwa haki, moja inakula robo saa. Pigeni hesabu wenyewe. Masaa 20 yameshapita na barua pepe sijazigusa, za hawa wanaotaka kwenda kusomea udaktari, ambao kwa nusu maksi mtu yuko tayari kukuandikia saa nane za usiku na asubuhi akakushtaki kwa prof kwamba hujamjibu.

Katikati ya muhula TA mmoja akaacha masomo. Kikundi chake wakanitupia mimi. Sikuulizwa, niliona tu jina langu kwenye ratiba. Nilipomfuata mratibu wa kozi akaniambia nijifunze kusahihisha haraka. Basi.

Mmarekani mwenzangu naye aliongezewa kikundi wiki ileile. Yeye akaandika masaa yake yote kwenye jedwali, akapeleka idarani, akapunguziwa. Nikasema na mimi nipeleke. Kabla sijapeleka, Mkenya mmoja wa mwaka wa nne akanishika mkono: "Ndugu yangu, unataka kujichongea?" Kwa sheria ya viza ya F-1, mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya masaa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea. Ile karatasi yenye masaa 30 na zaidi, kwa Mmarekani ni malalamiko. Kwangu mimi ni ushahidi, nimeuandika kwa mkono wangu na kuusaini, kwamba nimevunja masharti ya viza.

Kwa hiyo wote tunaandika 20. Kila wiki 20. Nilimgusia afisa wa wanafunzi wa kigeni, kwa kuzunguka, nisijitaje. Akaniambia kwa tabasamu, "Hakikisha tu huzidishi." Mama, nazidisha mimi au nazidishiwa?

Na idara wanajua. Ndiyo maana kikundi kinachobaki yatima hapewi anayeweza kupiga kelele.

Pesa sitaki kukaa nayo sana. Ada imesamehewa ndiyo, lakini kuna ada ya teknolojia, ya gym, ya afya, na moja ya kuwa mgeni tu, yaani ni ile elimu bila ada ya kwetu yenye michango. Nilifika Agosti, posho ya kwanza nikaiona mwisho wa Septemba, na mwenye nyumba alitaka kodi na amana siku ya kwanza. Kiangazi mkataba umeisha, na nje ya chuo huwezi kuokota kibarua chochote bila kibali. Kodi ya mapato je? Mchina niliye naye maabara, mkataba wa nchi yake na Marekani unamsamehe dola 5,000 kila mwaka. Mhindi anapewa punguzo la kawaida kama Mmarekani. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, Kenya na Uganda vilevile, basi sisi tunakatwa karibu kuanzia dola ya kwanza. Hili silitupii chuo, liulizwe huko Dodoma. Makato ya Social Security (hifadhi ya jamii yao) kweli hatuna kwa miaka 5 ya mwanzo, tusiwasingizie.

Halafu Kiingereza. Baadhi ya majimbo yana sheria kabisa ya kupima Kiingereza cha wanaofundisha vyuoni, Pennsylvania walipitisha yao 1990. Idara yetu ilitaka 26 kati ya 30 kwenye kuongea ya TOEFL, nikapata, na bado nikasimamishwa mbele ya watu watatu nifundishe ubaoni huku wanaandika. Nikapita. Mwisho wa muhula wanafunzi wanajaza tathmini: "Hatumwelewi, lafudhi." Hao hao niliokuwa nawaeleza na wanacheka kwenye utani wangu. Mwaka 1992 Donald Rubin wa University of Georgia alichapisha utafiti: wanafunzi walisikiliza sauti ileile moja ya mwanamke Mmarekani, kundi moja likaonyeshwa picha ya Mzungu, lingine picha ya mwanamke wa Asia. Walioona Mwasia wakasikia lafudhi, na somo wakalishika kidogo kuliko wenzao. Lafudhi ambayo haipo! Miaka yote hiyo imepita na tathmini hizo hizo ndizo zinaamua kama mkataba wangu utaendelea.

Mtaniambia jiunge na chama. Najua, California 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa chuo kikuu cha jimbo waligoma, wageni wakiwemo, na posho zikapanda. Huko sheria inawaruhusu kujadiliana mkataba. Jimbo nililopo mimi haituruhusu.

Na wale wa "rudi nyumbani kama kumekushinda", nawasubiri. Sijashindwa kazi. Naidai.

Sasa nauliza waliopita njia hii, wanasheria wa uhamiaji mkiwepo karibuni pia: kuna aliyewahi kupunguziwa vikundi bila kutaja masaa? Nafikiria nipeleke idadi ya ripoti na vikundi tu, nisiandike saa hata moja, wajumlishe wenyewe. Kikao na mkuu wa idara ni Alhamisi, na nikitoka pale bado nina ripoti za vikundi vitatu.